Pesa Inafika kwa Sekunde, Mbona Risiti Ingoje Kompyuta ya 2003?

Umelipia mifuko 20 ya saruji kwa simu. Meseji imeingia kabla hujarudisha simu mfukoni. Lakini mzigo hautoki. Keshia anakuomba umsomee namba ya muamala, zile herufi na tarakimu 10, anaziandika kwa kalamu nyuma ya daftari, halafu anaingia ofisini kwenye ile kompyuta moja yenye skrini nyeusi, kwa sababu ndiyo pekee inayotoa risiti. Mhasibu anayeitumia ameenda chai. Nje, dereva wa Canter ameanza kupiga honi.

Badilisha saruji iwe karo ya shule, mkopo wa SACCO, dawa za jumla au kodi ya nyumba, na stori ni ile ile. Sisi tunaoshughulika na malipo tunapenda kujisifu kwamba pesa inatembea kwa sekunde chache. Ni kweli, inatembea. Ila ikifika kwa mfanyabiashara inakutana na programu iliyoandikwa kabla huduma za pesa kwa simu hazijazaliwa, na hapo inapanga foleni kama mtu mwingine yeyote.

Mimi nimesomea masoko, si uhandisi wa kompyuta, kwa hivyo hili jambo naliangalia kutoka upande wa mtu anayesubiri kwenye kaunta. Na kutoka hapo maoni yangu ni haya: biashara nyingi hazihitaji kutupa programu zao za zamani. Zinahitaji kuziwekea mlango mpya, yaani ukurasa unaofunguka kwenye brauza ya simu au kompyuta yoyote, na mlango huo uanzie pale pesa ya mteja inapoingia. Si kwenye ripoti za bosi. Si kwenye nembo na rangi. Pale kwenye pesa.

Injini bado inanguruma

Tusizitukane hizo programu. Nyingi ziliandikwa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 na kijana fulani aliyekaa wiki kadhaa na mhasibu mpaka akaelewa biashara yote: mteja gani hukopeshwa, bei ya jumla inaanzia mifuko mingapi, mwanachama akichelewesha mkopo anatozwa vipi. Ujuzi huo umo ndani ya programu hadi leo. Mara nyingi hauko mahali pengine popote, kwa sababu kijana mwenyewe alishaenda Qatar na mhasibu alistaafu.

Shida ni zana alizotumia. Visual FoxPro, kwa mfano, ilipendwa sana kwa kazi za hesabu na stoo. Toleo lake la mwisho, la 9, lilitoka 2004, na Microsoft iliacha kulihudumia Januari 2015. Windows XP, ambayo bado utakuta programu kama hizi zimeikalia, iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Maana yake ni kwamba tundu la usalama likigunduliwa leo kwenye kompyuta hiyo, hakuna anayekuja kuliziba. Na mwenye duka haithubutu kuibadilisha, kwa sababu programu yake inaweza kukataa kuwaka kwenye mashine mpya.

Akisikia hivyo, mwenye biashara huogopa, anaita watu wenye suti, anauziwa mfumo mpya kabisa na kuambiwa wahamie wikendi hii. Hapo mimi ningesema ngoja kidogo. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mtambo mpya kwa mpigo mmoja Aprili 2018. Hadi wateja milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, wengine kwa siku nyingi, na Desemba 2022 wasimamizi wa benki huko wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Hiyo ni benki, yenye wahandisi, wanasheria na bajeti. Sasa wewe mwenye duka la vifaa vya ujenzi na fundi mmoja wa kompyuta anayekuja akipigiwa simu, unaharakisha nini?

Mfano wa kufanya mambo polepole uko mkononi mwako. M-Pesa ilianza Machi 2007 na menyu ya laini ya simu. Kwa miaka ya mwanzo seva zake hazikuwa hata Kenya, zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa nyumbani Aprili 2015 pamoja na mtambo mpya, na mteja akaendelea kuiona menyu aliyoizoea. Mwaka 2017 ikafunguliwa Daraja, njia rasmi ya programu za biashara kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja, bila mtu kusomeana namba na mwingine. Mwaka 2021 ikaja programu ya simu yenye sura mpya. Leo mama yako anabonyeza *334# kwenye kabambe yake, wewe unafungua programu kwenye simu janja, na pesa aliyokutumia ni ile ile iliyotoka kwake. Injini ilibadilishwa siku yake, sura zikabadilishwa siku zake.

Skrini mbaya hula pesa

Kuna wahandisi ambao watakuambia sura ya programu ni mapambo tu, kazi iko ndani. Hao nawauliza kama wanakumbuka Citi na Revlon.

Tarehe 11 Agosti 2020, benki ya Citi ilitaka kulipa riba ya takriban dola milioni 7.8 kwa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon. Mfumo wake, Flexcube, ulikuwa na mtindo wa ajabu: ili utume riba peke yake, ilibidi uuambie unalipa mkopo wote, kisha uweke alama kwenye visanduku 3 ili mtaji ubaki kwenye akaunti ya ndani ya benki. Kikawekwa alama kisanduku 1. Muamala ulipita mikononi mwa watu 3. Onyo lilitokea kwenye skrini, lakini lilisema tu kwamba pesa zitatoka nje ya benki, halikutaja kiasi. Karibu dola milioni 900 zikaondoka. Baadhi ya waliozipokea wakakataa kurudisha, na Februari 2021 jaji wa New York akawakubalia wabaki na karibu milioni 500. Citi ilingoja hadi Septemba 2022 ndipo mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo.

Hakukuwa na mwizi hapo. Mfumo ulifanya ulichoambiwa. Kilichokosekana ni skrini ya kumwambia mtu kwa lugha ya kawaida, "Unatuma milioni 900, una uhakika?"

Kwetu mtego ni mdogo zaidi, lakini ni wa kila siku. Keshia anayenakili namba ya muamala anachanganya sifuri na herufi O. Mzazi analipa karo kwa Paybill na kuandika namba ya mtoto ikiwa na tarakimu moja imekosewa, na pesa inaingia kwa shule lakini haina mwenyewe. Jumatatu amelipa, Jumatano mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu jina lake bado liko kwenye orodha ya wenye madeni. Mzazi anafunga kibanda, anapanda matatu, anakwenda na simu yake kuonyesha meseji. Siku nzima ya biashara imeenda, na mtoto amekosa masomo, kwa deni ambalo halipo. Programu ya shule haina kosa la hesabu. Ilikuwa haijui tu kwamba kuna kitu kimefika.

Hapa ndipo ule mlango mpya unalipa gharama yake. Mfumo wa biashara ukiunganishwa na huduma ya malipo kwa njia rasmi, kila pesa inayoingia inajileta yenyewe: kiasi, saa, namba ya muamala, namba ya akaunti aliyoandika mteja. Inaonekana kwenye ukurasa wa keshia bila mtu kunakili chochote. Na kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Biashara ya Paybill inaweza kuomba iwezeshwe kukagua namba ya akaunti kabla malipo hayajakubaliwa. Mzazi akikosea tarakimu, mfumo wa shule unajibu hapo hapo kwamba namba hiyo haipo, na muamala unakataliwa pesa ikiwa bado iko kwenye simu yake. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kujengea shule au SACCO, ningechagua hicho, hata kabla ya ukurasa wenyewe kuwa mzuri.

Kuna faida nyingine, na hii ni ya mwenye duka. Meseji feki. Tapeli anakuja saa ya msongamano, anachukua bidhaa, anakuonyesha meseji inayofanana na ya kweli kabisa, jina la duka lako limo, kiasi kimo. Keshia ambaye simu ya till iko kwa bosi, na bosi yuko Nyeri matangani, hana namna ya kuthibitisha isipokuwa kuamini. Akiwa na ukurasa unaoonyesha pesa zilizoingia kweli, hahitaji kutazama simu ya mteja hata kidogo. Na hilo, kusema ukweli, linampa mteja mwaminifu heshima yake pia. Hakuna anayependa kuchunguzwa simu kama mshukiwa.

Mugumo

Sasa inajengwaje? Iko njia ya haraka, ambapo kijiprogramu kinakaa katikati na kujifanya karani: kinasoma ile skrini nyeusi, kinabonyeza vitufe kwa niaba yako, kinaleta majibu kwenye ukurasa wa kisasa. Inaweza kuwa tayari upesi na ni rahisi kuvunjika. Programu ya ndani ikisogeza mstari mmoja tu, karani huyo anapotea. Iko njia ambayo mimi naiona ni ujanja wa wauzaji, ambapo wanakuonyesha skrini ile ile ya zamani ndani ya brauza na kukuambia sasa uko mtandaoni. Bado ni skrini nyeusi, isipokuwa sasa unaitazama kupitia dirisha.

Na iko njia ninayoipenda. Mtaalamu wa programu Martin Fowler aliipa jina mwaka 2004 kutokana na mitini aliyoiona Queensland, Australia, ile inayoota juu ya mti mwingine na kushusha mizizi taratibu mpaka inasimama yenyewe. Sisi hatuhitaji kwenda Australia. Ukipita kuzunguka Mlima Kenya utaona mugumo umekumbatia mti wa kale ambao ulikuwepo kabla yake. Unaanza na kazi moja, tuseme kupokea malipo. Ukurasa mpya unaandika na kusoma kwenye hazina ile ile ya data ya programu ya zamani kupitia daraja lililojengwa vizuri. Ikishazoeleka, unahamisha risiti. Halafu taarifa za wateja. Programu ya zamani inaendelea kufanya kazi chini, na kila mwezi inafanya kidogo zaidi ya kidogo, hadi siku moja unagundua hakuna anayeifungua tena.

KRA nayo imetusukuma. Tangu 2023 biashara zinatakiwa kutoa ankara za kodi kupitia eTIMS, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo ina shida kukubaliwa kwenye hesabu za kodi. Mwenye biashara ndogo anaweza kutumia *222# au ukurasa wa mtandaoni na akamaliza. Lakini mwenye ankara nyingi kwa siku, na programu isiyoweza kuzungumza na mtu, anaandika kila mauzo mara mbili: kwenye skrini nyeusi, kisha kwa KRA. KRA wana njia ya kuunganisha mfumo kwa mfumo. Daraja lile lile linaloleta malipo linaweza kupeleka ankara, kwa hivyo ukimlipa mtu akujengee moja, mwambie ahesabu zote mbili. (KRA wenyewe, nikitaja tu, walituletea iTax mtandaoni na bado mtu anashusha fomu ya Excel, anaijaza, anaikagua, anaipandisha tena. Kuwa mtandaoni na kuwa rahisi ni vitu viwili tofauti.)

Hapa lazima niwape haki yao wale wanaopinga. Keshia aliyetumia skrini nyeusi miaka 15 ana vidole vya ajabu. Hagusi kipanya. F3, namba, Enter, F8, risiti imetoka, na bado anakusalimia. Mpe ukurasa wa kisasa wenye vitufe vya kubofya huku na kule na utaona foleni inarefuka badala ya kufupika. Nimeona mifumo iliyosifiwa sana kwenye maonyesho ikitupwa na makeshia ndani ya wiki mbili, na sikuwalaumu. Ukurasa wowote wa kazini lazima uendeshwe kwa kibodi peke yake, na kama unaweza kubakiza F3 na F8 zile zile, bakiza.

Lalamiko la pili ni mtandao. "Intaneti ikikatika nifunge duka?" Swali la maana. Lakini kufunguka kwenye brauza hakumaanishi lazima data ikae ng'ambo. Seva inaweza kuwa kisanduku kidogo kwenye stoo yako, na kompyuta na simu za hapo dukani zikaifikia kwa waya au Wi-Fi ya ndani hata intaneti ikiwa imelala. Unachokosa ni uthibitisho wa malipo ya nje mpaka mtandao urudi. Kwa duka la mtaani ningependelea hivyo kuliko kutegemea wingu kwa kila kitu, ingawa nakubali nakala ya akiba ya kila usiku lazima iende mahali pengine. Moto haujali seva yako ni ya nani.

Mlango mpya unahitaji kufuli

Kompyuta ya zamani ilikuwa na ulinzi mmoja ambao hakuna aliyeupanga: ilikuwa imefungiwa chumbani. Ukiiweka mtandaoni, hiyo kinga imekwisha. Kila mfanyakazi awe na jina lake na nenosiri lake, si lile moja lililobandikwa kwenye skrini kwa karatasi ya manjano. Keshia aone malipo, asione mishahara. Aliyeacha kazi Ijumaa afungiwe Ijumaa hiyo hiyo. Na data ya wateja si yako kuchezea: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Namba za simu za wanachama 600 wa SACCO zikitoka, matapeli watazipiga zote.

Wewe unayelipa pia una sehemu yako. Duka au shule ikikupa ukurasa wa kulipia, utaandika namba yako ya simu, kisha ombi la malipo litachipuka kwenye simu yako likitaja jina la biashara na kiasi. Soma vyote viwili. PIN unaiweka kwenye simu, kwenye ombi hilo, basi. Ukurasa wa wavuti ukikuomba PIN, hata kama una nembo ya kampuni unayoijua, funga. Ile alama ya kufuli kando ya anwani inakuambia tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Haikuambii unazungumza na mtu mwema, na matapeli huiweka pia. Meseji ya malipo usiifute hadi upate risiti. Na kama biashara unayolipa kila mwezi bado inakusomesha namba ya muamala kwa sauti mbele ya watu, waulize ni kwa nini. Wateja kumi wakiuliza, bosi husikia.

Kwa mwenye biashara aliyeamua kuanza, uliza mambo mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza, nikiachana nanyi nitapewa data yangu yote, kwa muundo gani, na kwa bei gani? Jibu liandikwe kwenye mkataba. La pili, nani atakaa na keshia wangu? Si na meneja, na keshia. Kama hawajamwona akifanya kazi saa ya msongamano hawajui wanajenga nini.

Halafu endesheni zote mbili pamoja, ya zamani na mpya, kwa mwezi mzima wa hesabu, mkilinganisha jumla kila jioni. Zikitofautiana hata kwa shilingi 50, msiendelee mpaka mjue 50 hiyo iko wapi. Na tarehe ya kuhamia msiichague kwa sababu fundi ana nafasi. Tarehe 9 kuna PAYE, tarehe 20 kuna VAT, mwisho wa mwezi kuna mishahara na wateja wote wanakuja kulipa madeni siku moja. Zinabaki siku chache kati ya tarehe 21 na 25, na katika hizo, Jumatatu hapana. Mwacheni keshia apate usingizi wa wikendi na aanze Jumanne.